Bingwa wa Karata na Kitovu Chake

Yeyote aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Malindi kwenda Lamu anaijua Minjila. Ni njia panda. Hapo hukutana njia ya Malindi, njia ya Lamu na njia ipandayo Hola hadi Garissa, na mji wa Garsen uko hapo jirani. Msafiri hushuka akanyoosha miguu, akanywa chai, akanunua maembe ya Tana au ndizi, akamtazama Muorma akipitisha ng'ombe wake, kisha akaitwa na utingo kwa kelele arudi garini. Wengi hupita Minjila. Ni wachache waendao Minjila.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wapitao. Nilikuwa nakwenda Lamu harusini, ukawa msimu wa maembe, na gurudumu la basi letu likapasuka si mbali na hapo. Fundi alisema saa moja. Abiria wa zamani kama mimi anajua kuwa saa moja ya fundi ni saa tatu za Mungu, basi nikatafuta kivuli.

Chini ya mwarobaini palikuwa na vijana wa bodaboda, pikipiki zao zimepangwa mstari, na wanne kati yao walikuwa wanacheza karata juu ya kreti ya soda. Wengine walishangilia na kubishana. Mmoja alikuwa kimya. Hakuzitazama karata zake ila mara moja tu, kisha akazifudikiza, akawa anawatazama wenziwe usoni, mmoja baada ya mmoja, kama daktari amtazamavyo mgonjwa. Mungu anisamehe, nilivutiwa nikasogea.

Baada ya mkono ule kwisha, naye keshazoa vijisarafu vilivyokuwa juu ya kreti, aliinua kichwa akaniona.

"Shikamoo mzee. Si wewe ndiye wa mashairi?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye."

"Mama yangu hukuuzia maembe kila upitapo. Hapo mbele, penye banda la mabati."

Hapo nilimjua. Mama yake ni Mpokomo mwenye heshima zake, na kwa miaka mingi nimechukua kwake maembe ya kwenda nayo ugenini. Kijana alinisogezea benchi, akaniagizia chai, akaketi karibu nami. Ana umri wa miaka 24. Nilimuuliza kazi inaendaje, nikitarajia habari za bei ya petroli. Jibu lake sikulitarajia.

"Mzee, hii pikipiki ni ya muda tu. Mimi ni mcheza poka."

OMBI LA KIJANA

Alinieleza kwa ufasaha. Kila usiku, kazi ikiisha, hucheza poka kwa simu na watu asiowajua, wengine Brazil, wengine Urusi, kwa dau ndogo ndogo. Akasema kuwa anashinda. Huko Nairobi, katika kasino, hufanywa mashindano ambayo mtu hulipa kiingilio na mshindi huondoka na fedha nyingi. Alitaka kwenda. Alikuwa na mpango wa kuuza pikipiki yake, nami nimkopeshe shilingi 30,000 kukamilisha mtaji. Angenilipa mara mbili.

"Na mama anajua?" nikamuuliza.

Akatazama chini. Pikipiki ile, msomaji, ilinunuliwa kwa fedha za maembe na mkopo wa chama cha kina mama, na mkopo ulikuwa haujaisha.

"Mzee," akasema, "wewe ni mtu wa kusoma. Umewahi kumsikia Stu Ungar?"

Nilimsikia. Mwandishi wa magazeti husoma mengi yasiyomhusu, na habari za mtu yule niliwahi kuzisoma nikazihifadhi kichwani kama mtu ahifadhivyo kisa cha ajabu. Lakini sikutarajia kulisikia jina lake chini ya mwarobaini wa Minjila. Kijana alikuwa amemwona katika video za simu, akamfanya kuwa shekhe wake. "Huyo alikuwa mtoto wa mtaani kama mimi," akaniambia, "na akawa bingwa wa dunia mara tatu."

Alisema kweli. Ila alisema nusu ya kweli, na ndiyo sababu nimeandika makala hii.

MTOTO WA NEW YORK

Stu Ungar alizaliwa tarehe 8 Septemba 1953 katika jiji la New York, katika familia ya Kiyahudi, upande wa mashariki ya chini ya kisiwa cha Manhattan. Baba yake alikuwa na baa, na ndani ya baa ile ilikuwa ikiendeshwa kazi nyingine ya kupokea dau za watu. Mtoto basi alikua akisikia hesabu za kamari kama sisi tulivyokua tukisikia adhana. Baba alikufa mwaka 1967, kijana hajatimiza miaka 14. Shule aliiacha. Alichokuwa nacho ni kichwa kisichosahau karata.

Mchezo wake wa kwanza haukuwa poka. Ulikuwa mchezo mwingine wa karata uitwao jini, ambao watu wawili hucheza ana kwa ana, na mwenye kukumbuka karata zilizokwishatoka ndiye mwenye nguvu. Katika mchezo huo aliwashinda watu wazima akiwa bado kijana mdogo, na akaendelea kuwashinda hata ikawa hapana tena mtu wa kucheza naye. Hili ni jambo la kulifikiri: ubingwa uliopita kiasi ulimnyima riziki, maana nani atakayeweka fedha zake mbele ya mtu asiyeshindika? Ndipo akahamia Las Vegas, na ndipo akaingia katika poka.

Huko Las Vegas, tangu mwaka 1970, mzee mmoja mwenye kasino aitwaye Benny Binion alikuwa ameanzisha mashindano ya dunia ya poka. Kiingilio cha shindano kuu kilikuwa dola 10,000, na mshindi hupewa fedha na heshima ya kuitwa bingwa. Mwaka 1980 Ungar aliingia. Alikuwa mdogo wa mwili, uso wa kitoto, hata wakamwita "Mtoto". Mwishoni walibaki wawili: yeye na Doyle Brunson wa Texas, mtu mzima aliyekwisha kuwa bingwa mwaka 1976 na mwaka 1977. Mtoto akamshinda mzee, akapokea dola 365,000. Mwaka wa pili yake, 1981, akarudi na kushinda tena.

Kama hadithi ingeishia hapo, kijana wangu wa Minjila angekuwa na haki ya kuuza pikipiki.

KARATA SI NGENI KWETU

Kabla sijaendelea, mniruhusu niseme neno juu ya karata zenyewe, maana wako wanaodhani kuwa ni jambo la jana lililoletwa na simu. Neno "karata" ni la Kireno. Wareno walipokuja pwani yetu, wakajenga ile Ngome ya Yesu kule Mombasa tangu mwaka 1593, walitutesa sana, kisha wakaondoka wakatuachia maneno. Tukiwa watoto tulizijua karata kwa majina yake: kopa, uru, shupaza na pau. Yote ni Kireno kilichovaa kanzu. Hata "turufu" ni yao. Na karata zenye picha za watu tukaziita wazungu, kwani ni nani mwingine anayekaa amevaa taji akishika upanga bila ya kufanya kazi?

Nami nilicheza. Sitaki msomaji anidhanie malaika. Nilipokuwa chuoni nikisoma Kurani, tulikuwa na pakiti ya karata iliyokatika masikio, na baada ya alasiri tulikuwa tukijificha nyuma ya ukuta tukicheza kwa senti. Siku moja maalimu wetu akatufuma. Tulingoja bakora. Yeye akachuchumaa, akauliza swali moja: "Nani kati yenu amelia leo?"

Tukatazamana. Alikuwapo mmoja aliyepoteza senti alizotumwa mafuta ya taa. Usiku ule, kwao, wangekaa gizani. Maalimu akamwambia aliyeshinda, "Hiyo taa yao imo mfukoni mwako." Hakutupiga. Senti zilirudishwa, na karata akazitia ndani ya kanzu yake, hatukuziona tena.

Baadaye, nilipokuwa mkubwa na kusoma tafsiri, nilielewa alikotoa swali lile. Kamari imekatazwa katika Sura ya Al-Baqara na katika Sura ya Al-Maida, pamoja na ulevi. Neno la Kiarabu ni maisiri. Waarabu wa zamani, kabla ya Uislamu, walikuwa wakichinja ngamia, kisha wakavuta mishale kugawana nyama: mwenye mshale wa bahati hupata fungu, asiyekuwa nao hulipa bei ya ngamia na kuondoka mikono mitupu. Na sababu ya kukatazwa imetajwa: kamari hutia uadui na chuki kati ya watu, na huwasahaulisha Mola wao.

Tazama, haikusemwa kuwa ni haramu kujitia katika hatari. Mpokomo apandaye mpunga ukingoni mwa Tana anajitia katika hatari kila mwaka: mto usipofurika hakuna mpunga, mto ukifurika kupita kiasi hakuna mpunga na hakuna nyumba. Muorma mwenye ng'ombe mia anajua kuwa ukame mmoja waweza kumwacha na kumi. Nahodha akitweka tanga anaweka roho yake. Lakini mkulima akivuna, hapana jirani aliyelia ili yeye avune. Mcheza karata hali kwa jasho la ardhi. Hula kutoka katika mfuko wa mwenziwe, senti kwa senti. Pale mezani hakukuzaliwa kitu kipya.

POKA NI BAHATI AU NI ELIMU?

Kijana alikuwa na hoja, nami sitaificha. Alisema, "Mzee, poka si kama pata potea. Poka ni akili."

Kwa hilo ana haki. Pata potea, ile ya karata tatu tuliyoizoea penye vituo vya magari, ni wizi mtupu; mwenye karata anajua ilipo, na hao wanaoshinda mbele yako ni wenziwe. Poka ni jambo jingine. Katika namna ichezwayo sana leo, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na tano huwekwa mezani wazi kwa wote. Kila hatua mtu huamua: aweke dau, aongeze, au azitupe karata zake. Anaweza kushinda kwa karata mbovu iwapo atawatisha wenziwe wakakimbia. Ndiyo maana yule kijana alikuwa akitazama nyuso.

Na hesabu zake zinajulikana. Pakiti ina karata 52. Mtu kupewa ree mbili kwa mkupuo, ambayo ndiyo mwanzo bora kuliko wote, hutokea kwa wastani mara moja katika mikono 221. Mikono ya karata tano iwezekanayo kupatikana ni 2,598,960, na ule mkono wa kifalme usioshindwa, kuanzia kumi hadi ree za aina moja, umo mara 4 tu katika hiyo yote. Mchezaji wa kazi hukaa akizingoja nafasi nzuri kama mvuvi wa mshipi. Usiku mmoja bahati yaweza kumpendelea mjinga. Katika mikono elfu nyingi, mjuzi humzidi.

Lakini humzidi kidogo. Na katika hicho kidogo, mwenye nyumba hukata chake: kasino au kampuni ya simu huchukua fungu katika kila chungu. Basi kati ya wachezaji wote duniani, wanaoishi kwa poka ni wachache, na hao wachache hufanya kazi kama makarani. Huandika kila siku walichopata na walichopoteza. Hawachezi wakiwa na hasira wala usingizi. Huweka akiba ili mwezi mbaya usiwafukarishe.

Mwaka 2003 karani wa hesabu wa Tennessee, Marekani, aliyeitwa Chris Moneymaker, alilipa dola 86 katika shindano dogo la intaneti, akapata nafasi ya kwenda Las Vegas, akawashinda watu 838 na kupokea dola milioni 2.5. Jina lake la ukoo ni la kweli, na maana yake ni "mtengeneza fedha". Kwa habari ile vijana wa dunia nzima waliingia wazimu. Mwaka 2006 shindano hilo hilo lilikuwa na watu 8,773. Mmoja alitoka bingwa. Nani aliyeimba habari za wale 8,772?

LIYONGO ALIKUWA NA KITOVU

Sasa turudi kwa Ungar, katika ile nusu ambayo video za kijana hazikumkaza macho.

Mtu yule mezani hakuwa na mfano. Akishinda poka usiku, asubuhi alizichukua fedha zile akaziweka juu ya farasi wa mashindano, juu ya mipira, juu ya dadu, juu ya gofu. Katika mambo hayo hakuwa bingwa. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye fedha nyingi, na watu wa kawaida wenye fedha nyingi huliwa. Kisha ikaja kokeni, ambayo mwanzo ilimkesha mezani, mwisho ikamkalia kitako. Alioa mwaka 1982, akapata binti, ndoa ikavunjika. Mwaka 1990 alikuwa tena katika shindano kuu, na siku ya tatu hakuonekana. Walimkuta chumbani hotelini, sakafuni, hana fahamu. Vipande vyake vya dau vilikuwa vingi kiasi kwamba viliendelea kupunguzwa mezani mwenyewe hayupo, na hata hivyo akashika nafasi ya tisa. Mtu amelala nusu maiti na bado anawashinda walio macho! Mimi sikulisoma hilo nikacheka.

Mwaka 1997 alikuwa hana hata fedha ya kiingilio. Rafiki yake, Billy Baxter, akamlipia dola 10,000 kwa masharti ya kugawana. Ungar akaingia amevaa miwani ya buluu ya mviringo kuficha pua iliyokwisha kuharibiwa na kokeni, na picha ya binti yake mfukoni. Akashinda. Dola milioni moja, nusu yake ya Baxter. Ilikuwa mara ya tatu kuwa bingwa, miaka 16 baada ya mara ya pili.

Mwaka uliofuata Baxter alikuwa tayari kumlipia tena. Mtu mwenyewe hakutoka chumbani, alisema hawezi. Tarehe 22 Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha nyumba ya wageni ya bei rahisi pale pale Las Vegas. Alikuwa na umri wa miaka 45. Katika mamilioni yote, waliyemkuta nayo ni dola 800 hivi, na rafiki zake walichangishana mazikoni.

Nilipofika hapo katika kumsimulia, kijana alikuwa kimya. Nikamuuliza, "Wewe umezaliwa Tana. Unamjua Fumo Liyongo?"

Akacheka. Nani wa Tana asiyemjua? Masimulizi yanamweka hapa hapa mtoni, kushukia Ozi na Kipini. Mkuki haukumpata, mshale haukumpata, jela haikumweza. Lakini mwili wake ulikuwa na mahali pamoja, kitovu, na chuma kimoja, sindano ya shaba. Na aliyeijua siri ile ni mwanawe, ambaye aliahidiwa makuu, naye akaja usiku baba amelala.

"Ungar naye," nikamwambia, "mezani alikuwa Liyongo. Hapana aliyemweza kwa karata. Kilichomuua hakikuja kwa njia ya karata. Sasa mwanangu, kitovu chako ki wapi?"

Hakujibu. Utingo alikuwa ananiita. Fedha sikumpa, lakini sikupenda kumwacha na mawaidha matupu, kwani mawaidha ya mzee aliyeshiba kwa kijana mwenye deni ni upepo. Nikampa shilingi mia moja akanunue daftari. "Kwa siku 40," nikamwambia, "usiuze pikipiki. Andika kila shilingi unayoiweka popote, na kila shilingi inayorudi. Ya poka upande wake, na nyingine upande wake. Nikirudi tutaisoma pamoja. Ikiwa unashinda, tutazungumza na mama."

DAFTARI

Nilirudi Minjila siku ya 43. Safari hii basi halikuharibika. Nilishuka kwa makusudi. Kijana alinipeleka nyuma ya banda la mabati, tukakaa juu ya magunia, akanipa daftari kwa mikono miwili kama mtoto wa chuo ampavyo maalimu ubao wake.

Nilipofungua nilistaajabu kwa uaminifu wake. Ameandika kila kitu, hata shilingi 20. Tukajumlisha pamoja, mara mbili.

Katika poka, msomaji, hakuongopa. Siku 40 zilikuwa zimempa faida ya shilingi 2,150. Si utajiri, lakini ni faida. Kijana ana kichwa.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa mipira ya Ulaya. Hasara shilingi 6,400. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa ule mchezo wa simu wa ndege, ambao ndege hupaa na fedha yako ikiongezeka hata ghafla itoweke. Humo hakuna uso wa kutazama wala karata ya kukumbuka, ni wewe na mashine ya mwenye kampuni. Hasara shilingi 9,800. Ukitoa faida ya poka, jumla alikuwa amepoteza shilingi 14,050. Nikagawa kwa 40. Ni shilingi 351 kila siku, kwa mtu ambaye siku nzuri ya bodaboda humwachia 500 baada ya petroli.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Mzee, hii ya ndege mimi sikuihesabu kuwa ni kamari. Ni ya kupitisha wakati tu, nikingoja abiria."

"Ndicho kitovu," nikamwambia.

Sikuongeza neno, maana aibu ya kweli haitaki msaidizi. Na kwa kusema haki, aibu ile si yake peke yake. Sisi watu wazima tulikuwa wapi simu ilipogeuka kuwa kasino ndani ya kila mfuko? Fedha za simu zilipoanza nchini mwaka 2007 tulishangilia kuwa mama ataweza kutumiwa ada na dawa. Tuliyafungua malango, na hatukuuliza nani mwingine atakayepita. Sheria ya kamari iliyokuwapo ni ya mwaka 1966, zama ambazo mtu akitaka kucheza kamari ilimbidi avae viatu kwanza. Sheria mpya ilipatikana mwaka 2025. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 alikua katika pengo hilo.

Je, ameacha? Nitasema nijualo. Pikipiki haijauzwa. Mchezo wa ndege aliufuta katika simu mbele yangu, ingawa kuufuta ni rahisi na kuurudisha ni rahisi vile vile. Poka hakuniahidi kuiacha, nami sikumlazimisha kiapo ambacho kesho kitamfanya mwongo. Nilimkumbusha tu swali la maalimu wangu: katika zile 2,150, nani aliyelia? Akasema, "Sijui mzee, ni watu wa mbali." Nikamwambia kuwa hata taa ya mbali ikizimika, kuna giza mahali.

Mama yake aliniletea maembe akakataa fedha. Hakuuliza tulichokuwa tukizungumza. Lakini alipokuwa anayapanga katika kikapu, alisema bila ya kunitazama, "Siku hizi anaandika andika. Nilidhani amekuwa mshairi kama wewe." Kijana akainama. Nikamwachia yeye mwenyewe amjibu mama yake, siku atakayokuwa tayari.

Ndani ya basi, tulipokuwa tukiiacha Minjila nyuma, nilifungua karatasi nikaandika ubeti huu. Nampelekea yeye, na kila mwenye simu mfukoni:

Usinambie la jana, kwamba ulipata mia,
La juzi ukalikana, mia tatu zaishia,
Hesabu haina mwana, kweli itakuambia,
Andika yaliyokuja, na yaliyotoka pia.